Upande Wenye Tarehe

Saumu mwanangu,

Umetoka sasa hivi kwenda Mbezi kumuaga shangazi yako, bibi yako amejilaza, na baba yako yuko uani anapiga msasa kile kijiko chake. Kwa hiyo nina nafasi. Usishangae kupata barua kutoka kwa mtu anayelala chumba cha pili. Haya nimejaribu kukuambia kwa mdomo mara tatu wiki hii. Mara ya kwanza ulikuwa unaosha vyombo, nikafungua kinywa, halafu nikakuuliza kama chumvi imebaki. Mara ya pili nikauliza chumvi tena. Ukaniambia, "Mama, leo una nini na chumvi?" Mara ya tatu hata jikoni sikuthubutu kuingia.

Sitakuandikia habari za kufua koti jeupe kila Jumapili, wala za kufunga mlango, wala za kutotumia bumu lote la mkopo wiki linapoingia. Hayo unayajua kuliko mimi, na usiyoyajua utajifunza kwa kuumia kama tulivyojifunza sote. Wala sitakuambia haraka haraka haina baraka. Hiyo hata khanga yangu ya jikoni inaisema, na humo jikoni bado ninaunguza mboga.

Barua hii ina jambo moja. Kesho unahamia Temeke kwa Mama Adela. Nilikuambia ni rafiki yangu wa zamani tuliyepotezana. Si uongo, lakini nimeruka katikati yote. Yeye mwenyewe amenipa sharti: nikueleze mimi, kwa maneno yangu, kabla hujavuka mlango wake. Nakuomba usome mpaka mwisho. Ukikasirika, soma umesimama, lakini maliza.

Kwanza, asante.

Najua unaichukia hiyo asante ya watu wazima inayokuja kabla ya ombi. Hii si hiyo. Mwaka mzima umetoka nyumba hii saa kumi alfajiri, Goba mpaka Ubungo, Ubungo mpaka Gerezani, Gerezani mpaka Temeke, na jioni njia ileile kinyumenyume. Sijakusikia ukilalamika. Ulikuwa unajirekodi kwenye simu ukisoma masomo yako, halafu unasikiliza njiani na midomo inachezacheza. Bibi yako aliniambia kwa fahari, "Mjukuu wangu anavuta uradi mpaka kwenye gari." Sikumsahihisha. Nilimwacha na furaha yake.

Na Jumamosi zako. Wengine wanapumzika, wewe unasuka watu nywele pale sebuleni na umebandika ukutani karatasi ya majina ya dawa, mkono unasuka na macho yanasoma. Mama Happy aliingia kusuka mtindo wa twende kilioni, akatoka na nywele nzuri na majina manne ya dawa za malaria. Nauli yako ulijitafutia, kikokotoo ulijinunulia, na bado ukikuta dawa za bibi zimepungua, unakwenda kuzinunua kimyakimya unaacha mezani kama vile zimeota. Niliona. Sikusema kwa sababu sisi wa kwetu kumsifia mtoto usoni tunaona kama tunamwita shetani aje asikilize. Sasa nasema kwa maandishi, shetani hajui kusoma mwandiko wangu.

Lakini asante hiyo haikamiliki bila kusema kwamba sehemu kubwa ya shida hiyo niliitengeneza mimi.

Ulipopata chuo, ulisema taratibu kwamba wenzako watatu wanatafuta chumba karibu na chuo, wachangiane kodi. Mimi nikaruka. "Wa kwangu atalala kwangu." Nikasema ni hela. Hela ilikuwa kweli haitoshi, lakini haikuwa hela peke yake. Nilitaka majirani waone. Pale gengeni kwangu kila aliyekuja kununua nyanya nilimwambia, "Wangu anakwenda na kurudi," kana kwamba nimezaa basi. Baba yako aliniambia mara moja, "Mama Saumu, huyu mtoto anachoka." Nikamjibu kwamba mimi pia nilikwenda na kurudi na sikufa. Akarudi kwenye mpingo wake. Unamjua baba yako, akishindwa maneno anachonga.

Nilimjibu hivyo, na ndani yangu nikasikia kitu kimeanguka. Kwa sababu ni kweli sikufa mimi. Lakini ilibaki kidogo tu mtu mwingine afe.

Sasa sikiliza.

Unajua kwamba zamani nilikuwa muuzaji kwenye duka la dawa Tandale, jirani na soko. Unajua niliacha ulipokuwa mdogo. Ulichokijua miaka yote ni kwamba niliacha ili nikulee. Hilo nilikuambia mimi, tena zaidi ya mara moja. Siku ile tuliyokupikia pilau baada ya kupata chuo ulisimama mbele ya watu, ukasema, "Mama yangu aliacha kazi ya dawa kwa ajili yangu, basi mimi nitaimalizia." Nikalia. Shangazi yako akapiga vigelegele. Wote walidhani nalia kwa furaha.

Mwenye cheti pale dukani alikuwa Adela, huyohuyo Mama Adela wa Temeke, nesi kutoka Iringa, mkubwa kwangu kwa miaka kumi na kitu. Mimi nilikuwa muuzaji niliyefundishwa na yeye. Alinifundisha vizuri, lazima nimsemee hilo. Unajua wateja wa Tandale: mtu hana hela ya karatasi nzima ya vidonge, anasema "nikatie viwili". Kwa hiyo kazi yetu ilikuwa mkasi. Adela alikuwa na sheria moja ya mkasi, na aliirudia mpaka nikaiota. Zile karatasi za vidonge tulizokuwa nazo siku hizo, jina la dawa na tarehe ya kuharibika vilipigwa chapa mara moja tu, kwenye ncha moja. "Mkasi unaanzia upande mtupu," alikuwa akisema. "Upande wenye tarehe uondoke mwisho. Ukiukata mwanzo, vinavyobaki ni vidonge yatima."

Tulikuwa ndiyo kwanza tumehamia Goba. Wakati huo Goba ilikuwa vichaka na milima, na nyumba yetu ilikuwa chumba kimoja kisicho na dirisha. Naamka saa tisa usiku, nakaanga maandazi, nayapeleka kwa mafundi waliokuwa wanajenga, nakuacha kwa jirani, natembea mpaka kwenye gari, Ubungo, Tandale, nasimama dukani mpaka jioni, narudi. Wewe ulikuwa unatambaa. Nilikuwa najivuna kwamba nina kazi mbili. Nilikuwa nalala nimesimama, nimeegemea kabati, na mteja akigonga kioo nashtuka na kusema "karibu" kabla sijafungua macho.

Jioni moja, watu wamejaa, mtu mmoja akataka dawa za sukari za mama yake. Nikakata kutokea upande uliokuwa karibu na mkono wangu. Ulikuwa ndio upande wenye tarehe. Vikabaki vidonge vinne vyeupe visivyo na jina. Na kwa usingizi ule, nikavirudisha kwenye boksi la dawa za presha.

Kesho yake asubuhi akaja Bi Somoe, mama mmoja aliyekuwa akiuza nazi sokoni, mcheshi, anatukana watoto wote na kuwapa vipande vya nazi hapohapo. Alikuwa na presha. "Nikatie viwili, mwanangu." Nikavuta boksi, nikatoa ile karatasi ya vinne. Na hapa ndipo ninapotaka usome polepole, Saumu. Nikaigeuza kutafuta jina. Hapakuwa na jina. Niliona. Nilijua kwamba sijui ninachokishika. Adela alikuwa chumba cha nyuma anahesabu mzigo, hatua nne kutoka nilipokuwa. Ningemwita tu. Lakini kulikuwa na foleni, na nilijua atanisema mbele ya watu kwa kukata vibaya, na nilikuwa nimechoka kusemwa. Nikamkatia Bi Somoe viwili, nikaandika juu ya bahasha, nikamtakia siku njema.

Wewe sasa unajua vizuri kuliko mimi kitu gani humpata mtu asiye na sukari akinywa dawa za sukari, tena mbili, tena hajala. Mimi nilijua kwa kusikia kelele. Kabla ya adhuhuri soko zima lilikuwa linapiga mayowe kwamba Bi Somoe ameanguka juu ya nazi zake, anatetemeka, jasho linamtoka, haongei. Wakambeba. Hospitali walimuwahi, wakamtundikia dripu. Siku mbili hakujitambua vizuri. Siku ya tatu akaamka akamtukana daktari, na mimi niliposikia hivyo nilikwenda nyuma ya duka nikapiga magoti.

Bahasha ilikuwa ya duka letu. Mwenye duka akaja amewaka. Akauliza nani alimhudumia. Nikasema ni mimi. Akauliza nilimpa nini. Nikajibu, "Nilimpa nilichokikuta kwenye boksi la presha."

Ni kweli, sivyo? Kila neno lake ni kweli. Na maboksi hupangwa na Adela, kila mtu alijua. Nilisema ukweli nusu nikauacha umalizie kazi wenyewe. Adela aliniangalia. Hakusema kitu. Mwenye duka akasema mwenye cheti ndiye mwenye dhamana, na Adela akafukuzwa siku hiyohiyo na mfuko wake wa nailoni mkononi. Mimi nikabaki. Nikavumilia wiki tatu, kila nikishika mkasi naigeuza karatasi mara tatu kabla ya kukata, nikaacha. Nikamwambia baba yako nataka kulea mtoto. Nikakugeuza wewe kuwa kisingizio ukiwa hujui hata kusema "mama".

Hivyo ndivyo nilivyoiacha kazi ya dawa. Naomba unisamehe kwa kukubebesha sifa ambayo haikuwa yako wala yangu.

Maji kidogo. Nimekwenda kunywa maji, nimerudi. Baba yako ameniuliza naandika nini, nimemwambia orodha ya genge. Barua ya kukiri uongo, na katikati yake nimesema uongo mwingine! Nimemwita nikamwambia ni barua yako. Akasema, "Ile habari ya Tandale?" Kumbe anajua. Nilimwambia mwezi uliopita, lakini nilidhani hakuwa anasikiliza, alikuwa anachonga.

Nirudi kwako. Utauliza kwa nini sasa, baada ya miaka kumi na tisa. Kwa sababu ya kisahani cha bibi yako.

Ile wiki yako ya mitihani, mwisho wa muhula wa pili. Jana yake ulirudi usiku mvua imefunga barabara, ukala umesinzia, ukasoma, ukalala kwa muda wa saa mbili, kama si moja na nusu. Alfajiri, kama kawaida yako, ukaandaa dawa za bibi kwenye kisahani, moja ya presha na moja ya sukari, ukakifunika, ukaondoka. Mimi nikaingia kutafuta kiberiti. Nikakifunua kile kisahani, sijui kwa nini, mkono tu. Vidonge vilikuwa viwili vinavyofanana, vyote vina mstari katikati, na cha presha hakina mstari. Vyote vya sukari.

Bibi yako alikuwa ananawa uso. Nikabadilisha kimoja. Akanywa, akaniombea dua, akaendelea na siku yake.

Hukuwahi kujua. Leo ndiyo nakuambia: Saumu, siku ile ulikosea dawa ya bibi yako. Najua maneno haya yatakukata. Yananikata na mimi kuyaandika. Najua usingizi wako leo utakuwa mfupi. Lakini ningenyamaza ningekuwa ninakufunza kile kilichoniharibu mimi. Nilikaa kitandani asubuhi ile na kidonge kimoja kiganjani, nikajiona mwenyewe Tandale, nimesimama nimelala. Wewe si mzembe. Huna mkono mbaya. Ulichoka, na mimi ndiye niliyekuchosha, kwa sababu nilitaka majirani waone basi langu likienda na kurudi.

Na tangu siku ile, kila asubuhi ninaingia kwa bibi yako kutafuta kiberiti. Hata wakati wa likizo. Uliwahi kuniuliza kwa nini sinunui viberiti viwili. Sasa umejua. Hujakosea tena hata mara moja, lakini nimeingia kila siku.

Hata hapo sikusema. Nilimeza. Wewe ndiye uliyenifumbua mdomo, na hujui.

Unakumbuka matokeo yalipotoka? Tulikuwa mkekani tunakula ugali na dagaa, baba, bibi, shangazi yako amekuja na mume wake, yaani siku ambayo mtu mwingine yeyote angejificha. Ukaweka tonge chini. Ukasema, "Nina sapu mbili, kemia na fiziolojia. Nikishindwa kuzirudia, nadisko, chuo ndiyo basi. Nimeona niwaambie mapema msije mkasikia kwa watu." Hukulia, hukumtupia lawama mwalimu, hukusema habari ya barabara wala ya kusuka wala ya saa kumi alfajiri, na ulikuwa na haki ya kusema yote. Shangazi yako akaanza, "Sasa mbona..." na baba yako akamwambia, "Mwache ale." Ukaokota tonge lako ukaendelea.

Mwanangu, nilikuonea wivu. Mama anamwonea wivu mtoto wake mwenye sapu mbili! Nilijiuliza, huyu mtoto wa miaka ishirini amelitoa wapi hili ambalo mimi nimelikosa miaka kumi na tisa? Si kwangu. Labda kwa baba yako, yeye akipasua kinyago mbele ya mteja humwonyesha ufa mwenyewe. Kwetu wanasema mficha maradhi, kifo humuumbua. Nilikuwa nimeyaficha vizuri mno maradhi yangu, mpaka yakamfikia bibi yako kwenye kisahani.

Ukazirudia sapu zako, ukafaulu. Wiki ile unajifungia kusoma, mimi nikaaga kwamba nakwenda kufuata mzigo wa genge, nikaenda kumtafuta Adela. Niliulizia Tandale, wakanielekeza kwa mtu, mtu akanielekeza Temeke. Nilimkuta kibarazani kwake anachambua mchele. Nywele zimekuwa nyeupe, lakini mgongo ni uleule, umenyooka kama anasubiri kukaguliwa.

"Shikamoo, dada Adela."

Akaniangalia kutoka juu mpaka chini. "Marahaba. Mwajuma, umenenepa."

"Nimekuja kusema jambo."

"Basi kaa. Jambo halisemwi wima."

Nikakaa. Nikamwambia: ile karatasi niliikata mimi upande wenye tarehe, nikairudisha mimi kwenye boksi la presha, nikaona haina jina na nikampa Bi Somoe hivyohivyo. Yeye anatoa chuya, anatupa, anatoa, anatupa.

"Nilijua," akasema.

"Ulijua?"

"Siku ileile. Vile viwili vilivyobaki nilivikuta kwenye boksi. Mie nakata mraba, we ulikuwa unakata mshazari, mkono wa haraka. Ningeujua mkasi wako hata gizani."

"Sasa kwa nini hukusema, dada?"

"Ulikuwa na mtoto anayenyonya. Tena duka lilikuwa chini yangu, wewe ulikuwa chini yangu, na nilikuwa nakuona unalala umesimama nikanyamaza. Kwa hiyo na mie sikuwa msafi. Ila nilidhani utakuja kesho yake. Hukuja, nikasema labda keshokutwa." Akaweka ungo chini. "Keshokutwa yako ilikuwa ndefu, Mwajuma."

Akaniambia alikaa mwaka mmoja na nusu bila kazi, anashona sare za shule, ndipo zahanati moja ikamchukua mpaka akastaafu. Hakusema kwa kunichoma. Alisema kwa sababu ilitokea. Nililia mpaka mtoto wa jirani akaja kuchungulia. Adela akamfukuza, akanipa maji, akaniuliza, "Yule mtoto uliyekuwa unakuja naye mgongoni Jumamosi, yuko wapi?"

"Anasomea dawa," nikasema. "Chuo ni hapa hapa Temeke. Anatokea Goba kila siku."

Alicheka, Saumu. Alicheka mpaka akashika mbavu. Halafu akaacha ghafla. "Kila siku kutoka Goba? Na kesho keshokutwa huyo ndiye atashika dawa za watu?" Akanionyesha kwa kidole chumba cha uani kwake, kina dirisha na mlango wake. "Kodi sitaki. Macho yangu yameisha, atanisomea yale maandishi madogo. Mlete. Lakini umwambie mwenyewe yote, kabla hajavuka mlango wangu. Sitaki kukaa na mtoto nyumba moja na mimi namjua mama yake kuliko yeye."

Ndiyo maana barua.

Kuna mlango mmoja sikuuwahi. Bi Somoe alikufa zamani, kwa uzee, baada ya kuuza nazi miaka mingine mingi. Miaka yote hiyo nilikuwa nikienda soko la Tandale kununua mzigo wa genge, nikimwona kwa mbali nazunguka upande wa pili. Nilidhani kuna siku. Hilo halina dawa, na sikusimulii ili unipe. Nataka tu ulijue.

Sasa, nikuambie nini ambacho chuo hakitakuambia vizuri zaidi? Sikuombi usikosee. Utakosea. Ninachokuomba ni zile hatua nne. Siku utakayoshika kitu usichokijua na foleni imejaa na mkubwa wako ni mkali, tembea hatua nne uulize, akutukane, uishi. Na siku umechoka, sema "nimechoka". Kwa kinywa, si kwa kusinzia. Sema kwa Mama Adela, sema kwa mwalimu, nipigie simu useme hivyo tu halafu ukate, nitaelewa. Saa tatu na zaidi ulizokuwa unaziacha barabarani kila siku sasa ni zako. Najua kichwa chako, kinawaza ni vichwa vingapi vya watu unaweza kusuka kwa saa hizo. Suka Jumamosi kama zamani. Saa zilizobaki, walau nusu yake, zilale. Hilo ndilo jambo pekee ninalokudai, mimi niliyekupeleka mbio.

Kuhusu hela, tutasaidiana. Bumu lisipofika kwa wakati, usijifanye umeshiba. Uliwahi kunywa chai ya rangi wiki nzima ukaniambia uko kwenye dayati. Mtoto mwembamba hivyo, dayati ya nini? Genge lipo, na nyanya hazijawahi kukataa kuuzika.

Ukifika kesho, mwamkie shikamoo na umwite mama mkubwa, ndivyo anavyotaka. Hatakuuliza habari za barua hii, si mtu wa kuchimba. Lakini najua mapema au baadaye atakupa karatasi ya vidonge na mkasi, atakaa kimya aone mkono wako unaanzia wapi. Usicheke. Na kijiko cha baba yako kipokee. Aliona kwenye kitabu chako picha ya kile kijiko bapa cha kuhesabia vidonge, akakaa wiki tatu kukuchongea cha mpingo. Nilimwambia chuoni vipo vya plastiki, akaninunia siku nzima. Ni kizuri kupita kiasi kwa kazi hiyo. Kitumie hivyohivyo.

Mwanangu, inawezekana ukimaliza kusoma usiniangalie kama jana. Hilo ndilo nililoliogopa siku zote, zaidi ya mwenye duka, zaidi ya Adela. Hata leo naliogopa. Lakini afadhali uniangalie vibaya ukinijua kuliko uniangalie vizuri bila kunijua. Na vyovyote utakavyoniangalia, mimi nakushukuru. Nilikuzaa nikiwa mwoga, na kwa tonge moja la ugali uliloliweka chini mbele ya watu ukanionyesha jinsi ya kusema. Sina namna ya kulipa hilo zaidi ya kukuambia ukweli wote, nami nimekuambia.

Nasikia mlango wa uani, umerudi. Nitakupa barua hii tukimaliza kula.

Kesho kabla hujaondoka, mwandalie bibi yako dawa zake kama kawaida, ukifunike kisahani. Kiberiti ninacho. Sitaingia.

Mama yako,
Mwajuma